Mbolea ya ruzuku Trans Nzoia: anza Januari, usingoje mvua

Kila mwaka ikifika Machi naona kitu kile kile. Mtu ametoka ndani kabisa huko Kwanza ama Endebess saa kumi na moja asubuhi, amepanda bodaboda alafu matatu mpaka depo ya mbolea, amepiga laini masaa mengi kwa jua, akifika dirishani anaambiwa jina lake haliko kwa sistemu, ama namba ya simu si hiyo, ama vocha yake, ile meseji ya simu ya kuchukulia mbolea, ni ya depo ingine. Anarudi nyumbani bila mfuko, nauli imeenda, na mvua ndo hiyo imeanza. Tangu 2023 nimesaidia majirani wengi na hizi simu na kitu nimejifunza ni kimoja tu, mbolea ya ruzuku haipotelei kwa depo, inapotelea kwa kitambulisho na laini ya simu miezi miwili kabla. Depo unaenda kuchukua tu. Kazi yenyewe inafanyika nyumbani na kwa ofisi ya chifu, na ndo maana naandika hii yote mapema ndo mtu apate nafasi ya kurekebisha.

Kwanza tuelewane ruzuku ni nini, juu kuna wazee bado wanauliza hiyo pesa itatumwa lini kwa Mpesa. Hakuna pesa unatumiwa. Serikali inalipia sehemu ya bei ya mfuko na wewe unalipa ile imebaki, basi. 2022 baada ya vita ya Urusi na Ukraine kuanza, mfuko wa kilo 50 wa DAP, mbolea ya kupandia, ulifika kama 6,500 na watu wengi huku walipanda bila mbolea kabisa, ama waligawa mfuko mmoja kwa ekari tatu. Septemba mwaka huo serikali ikaleta DAP ya ruzuku kwa 3,500, alafu 2023 ikashushwa mpaka 2,500. Kwa hivyo "malipo" yako yako ndani ya ile tofauti ya bei, na usipochukua mfuko wako hakuna mahali hiyo tofauti inakuwekewa.

Sasa kujiandikisha. Sistemu inaitwa KIAMIS, ni rejista ya wakulima ya nchi nzima, na kuandikisha kunafanyika kupitia chifu na naibu wa chifu wa lokesheni yako wakisaidiana na watu wa kilimo. Unaenda na kitambulisho orijino na simu yako ikiwa na laini ndani. Wanaandika jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, mahali shamba liko, ekari ngapi, unapanda nini, mifugo pia. Ni kazi ya dakika chache kama kila kitu kiko sawa, lakini hizo dakika chache ndo zinaamua msimu wako wote, kwa hivyo usimtume mtoto akuandikishe na wewe umekaa nyumbani. Simama hapo, na yule anaandika akimaliza mwambie akusomee tena namba ya kitambulisho na namba ya simu moja moja. Usione aibu kumrudisha nyuma. Tarakimu moja ikikosewa, wewe hupati meseji, na yule mtu ako na hiyo namba anapata meseji ya mbolea yenye haijui.

Kama uliandikishwa zamani na huna uhakika, usingoje kujua siku ya depo. Piga *707# ukitumia laini ile uliandikisha nayo, fuata menyu, uone kama inakutambua. Ikikataa, enda kwa naibu wa chifu Januari ama mapema Februari wakati ofisi haina watu. Machi huyo mzee hata hana wakati wa kukuangalia, na sio kwa ubaya, amezungukwa na watu tangu asubuhi.

Hii ya simu nataka nikae nayo kidogo juu ndo inaumiza watu wengi kuliko kitu ingine yote. Kuna mama jirani yangu, mjane, ana ekari mbili. Wakati wa kuandikisha wanaume ndo walienda kwa chifu na shamba likaandikwa kwa jina la mzee wake na kwa laini ya mzee. Mzee akafariki. Ile laini ikakaa kwa droo, baadaye ikazimwa juu haikuwekwa kredo. Msimu mbili huyo mama amenunua mbolea dukani bei kamili na jirani zake wote wanabeba ya 2,500, na yeye alidhani ni vile hajui mtu huko juu. Hakuna cha kujua mtu. Tulienda naye kwa naibu wa chifu, akabeba kitambulisho chake, cheti cha kifo cha mzee na laini yake mwenyewe, akaandikishwa upya kama mkulima kwa jina lake. Msimu uliofuata meseji ikaingia kwa katululu yake, ile simu ndogo ya batani, akanipigia simu usiku akanisomea mara mbili.

Kwa hivyo mama yeyote analima, hata kama shamba ni la mzee na mzee yuko hai, mkae chini nyinyi wawili muamue ni nani ataandikishwa na ni laini gani, na hiyo laini isiwe ya kijana ako Nairobi. Nimeona meseji imeingia kwa simu ya kijana Nairobi akiwa kazini, akasahau kumwambia babake, alafu muda wa vocha ukaenda. Laini iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako, iwe inawaka, na usibadilishe namba katikati ya msimu. Ukipoteza simu, rudisha laini ile ile, usinunue mpya.

Ya ekari nayo. Wakati wa kuandikisha wazee wengi kwetu waliogopa, walisema hii ni serikali inahesabu mashamba ndo itulipishe kodi, mtu ana ekari tano anasema moja na nusu. Sasa mifuko unapewa inafuata ekari uliandikisha, na hapo ndo walijikata. Wengine nao wakaongeza, ya tano ikawa kumi, na hao wakikaguliwa na chifu ambaye anajua kila ua hapo kijijini wanawekwa kando. Sema ile unalima kweli. Kama umekodisha useme ni ya kukodi, na kama ni shamba la familia halijagawanywa rasmi, kila kijana aandike ile sehemu analima yeye, sio kila mmoja aandike shamba lote la babake, juu mkifanya hivyo mnaonekana mmerudia shamba moja mara nne na nyote mnapata shida. Ukiongeza ama ukipunguza shamba, mwaka ukianza enda ubadilishiwe.

Sasa kabla hata meseji haijaingia, jua unataka mbolea gani. Hapa watu wanaumia na hawajui. Mtu anafika depo anaambiwa DAP imeisha iko NPK, anachukua tu juu ametoka mbali, ama anabeba CAN akapandie nayo. DAP ni 18:46:0 (hizo namba ni naitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa mpangilio huo), yaani fosforasi nyingi ya kusukuma mizizi, hiyo ni ya kupandia. NPK kama 23:23:0 ama 17:17:17 pia unaweza pandia. CAN na Urea ni za topdresi, yaani kuongezea mahindi yakiwa yamemea, yakifika magoti. Urea ina naitrojeni asilimia 46 na CAN kama 26 ama 27, kwa hivyo ukizibadilishana usitumie kipimo kile kile.

Na udongo wetu huku, Trans Nzoia, Uasin Gishu, Kakamega, Bungoma, sehemu kubwa umekuwa na asidi, na DAP ukiitumia miaka na miaka inaongeza hiyo asidi. Kuna mtu anapata mbolea ya ruzuku kila mwaka na mahindi yake bado ni ya zambarau kwa majani, analaumu mbolea, kumbe udongo umefunga hiyo fosforasi na mmea hauifikii. Pima udongo, tafadhali. Unachimba sehemu kama 10 mpaka 15 ukizunguka shamba kwa zigizaga, sentimita 20 kuenda chini, unachanganya kwa ndoo safi (isiwe ile ilibeba mbolea), unatoa kama nusu kilo unapeleka. Afisa wa kilimo wa wodi ama watu wa KALRO, shirika la utafiti wa kilimo, hapo Kitale watakuelekeza mahali pa kupimia. Ukiambiwa pH, kile kipimo cha asidi, iko chini ya 5.5, unahitaji chokaa ya shamba kwanza, na hiyo inawekwa wiki kadhaa kabla ya kupanda. Usichanganye chokaa na DAP siku moja kwa shimo moja, naitrojeni itapaa hewani kama hewa ya amonia na fosforasi itashikwa, umetupa ruzuku yote chini.

Mifuko ngapi unahitaji? Hii hesabu nimefanya na watu wengi kwa karatasi. Ukipanda sentimita 75 kwa 50, mbegu mbili kwa shimo, ekari moja iko na mashimo kama 10,800. Kifuniko cha soda kilichojaa sawasawa bila kilima ni kama gramu 5 ya DAP. Zidisha, ni kilo 54, kwa hivyo mfuko mmoja unaenda ekari moja ukikaza mkono kidogo. Ukipanda 75 kwa 25 mbegu moja moja, shimo ni mara mbili kwa hivyo kila shimo linapata nusu kifuniko. Usiweke kifuniko kizima kila shimo alafu ulalamike mfuko umeishia katikati ya shamba.

Meseji ya vocha ikiingia, isome yote. Inakuambia idadi ya mifuko na mahali pa kuchukulia. Usifute. Mwambie mtu aipige picha na simu ingine, ama uandike zile namba kwa kitabu, juu hizi simu za batani zinajaza meseji na ya zamani inajifuta. Na hapa nisikike vizuri, hakuna mtu wa ruzuku atakupigia akuulize PIN ya Mpesa. Hakuna mtu wa ruzuku anaomba utume mia tano kwa namba yake ndo akuharakishie. Kuna broka pia wanakuja mpaka nyumbani, anakwambia mzee nipe hiyo vocha na kitambulisho mimi nitakuchukulia, nikupe elfu moja sasa hivi. Ukikubali umeuza mavuno yako kwa elfu moja, na mfuko ulioandikwa jina lako utauzwa dukani bei kamili kwa jirani yako. Usimpe mtu kitambulisho.

Kabla uende, piga simu. Kama una mtu anaishi karibu na depo muulize leo wametoa nini, DAP iko ama ni CAN peke yake, laini ni ndefu namna gani. Kama vocha yako inasema depo fulani, enda hiyo hiyo. Siku ya kwanza baada ya lori kuingia huwa na vurugu, siku ya tatu ya nne mara nyingi ni afadhali, lakini usikae wiki mbili ukidhani iko tu. Beba kitambulisho orijino, sio fotokopi, beba ile simu yenyewe ikiwa na chaji, na uwe na salio ya kulipa kwa simu. Lipa kwa njia ile depo inaelekeza na upate risiti. Usimpe mtu kashi mkononi, hata kama amevaa koti la kazi, hata kama anajua jina lako.

Ya usafiri fanyeni kikundi. Chukua bei ya duka lililo karibu nawe, toa 2,500, alafu toa nauli yako kuenda na kurudi na pesa ya kubeba mfuko, ndo uone umeokoa ngapi kweli. Mtu wa mfuko mmoja akienda peke yake kutoka mbali, anaweza kupata ile faida yote imeliwa na barabara. Sisi kwetu tunakuwa watu wanane mpaka kumi, wote vocha zimeingia, tunakodisha pikapu moja, tunachanga kulingana na mifuko ya kila mtu. Lakini kila mtu aende mwenyewe na kitambulisho chake. Wazee wasioweza kukaa kwa laini wanapewa kiti na maji, vijana wanashika nafasi.

Sasa kukagua mfuko, na hii usiruke. Machi na Aprili 2024 nchi yote ilisikia vile mbolea ghushi ilikuwa imeuziwa wakulima ndani ya huu mpango wa ruzuku, mpaka serikali ikasema walioathirika watalipwa mifuko mingine. Ni uchungu mkubwa, juu msimu haurudi, mahindi ukiyapanda na vumbi la mawe Aprili hakuna mfuko wa Juni utayaokoa. Kwa hivyo kagua ukiwa bado depo, kabla mfuko haujapanda pikapu.

Angalia mshono. Mwaka mmoja nilibeba mifuko mitatu bila kuangalia vizuri, nilikuwa nimechoka, mvua inakuja. Nikifika nyumbani nikaona mmoja mshono wake wa juu una uzi mweupe na mingine miwili ina uzi wa bluu, na kando ya ule uzi mweupe kuna matundu madogo ya sindano ya kwanza. Nikaupima, kilo 46. Kilo nne zilikuwa zimetolewa na mfuko kushonwa tena, mahali gani kwa ile safari siwezi sema. Tangu siku hiyo mfuko wowote wenye matundu mawili mawili ya sindano nauliza ubadilishwe hapo hapo, na mzani ukiwa karibu naomba upimwe, naomba kwa upole lakini siondoki.

Angalia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na ile namba ya kibali chini yake. Unaweza kutuma meseji SM#, ukifuatisha hiyo namba, kwenda 20023, na inakurudishia jina la kampuni na bidhaa. Ulinganishe na ile imeandikwa kwa mfuko. Ni dakika moja.

Nyumbani fanya majaribio na glasi ya maji. Urea inayeyuka yote na ukishika glasi utasikia imekuwa baridi. DAP inayeyuka pole pole, ukikoroga na kungoja inabaki uchafu kidogo chini. CAN usishtuke ikiacha unga unga chini, juu imechanganywa na mawe ya chokaa kiwandani, hiyo ni kawaida. Kile hakifai ni chembe zinakaa chini vile vile ngumu kama changarawe baada ya nusu saa na maji bado safi. Ya DAP kuna ingine, chukua chembe kidogo kwa kiganja weka chokaa kidogo na tone la maji usugue, ikiwa DAP utapata ile harufu kali ya amonia inachoma pua. Haya majaribio hayachukui nafasi ya maabara lakini mawe ya kusagwa utayajua.

Ukiona shida, usimwage na usipande. Weka mfuko vile ulivyo, lebo isitoke, risiti na meseji ya vocha ziwe pamoja, piga picha ya mshono na namba zote, alafu ripoti kwa naibu wa chifu na afisa wa kilimo wa wodi, na kama ni alama ya ubora ripoti kwa KEBS. Enda na wale mlichukua nao siku moja. Mtu mmoja na mfuko mmoja anaweza kupuuzwa, watu kumi na namba za mfuko zinazofanana hawapuuzwi kirahisi. Na ndo maana narudia usinunue vocha ya mtu na usiuze yako, juu siku ya kufidiwa wanaangalia jina ambalo liko kwa rekodi.

Mbolea ikifika nyumbani isikae kwa sakafu ya udongo. Panga mbao ama matawi chini, iwe mbali na ukuta na mahali mabati yanavuja, isikae na mbegu chumba kimoja kama unaweza. Ukifungua mfuko kata uzi, usipasue, ndo uweze kuufunga tena, juu Urea na DAP zinavuta unyevu zinakuwa jiwe. Watoto na kuku wasifike, na ng'ombe pia, Urea inaua ng'ombe akiilamba nyingi.

Na ukichukua ya kupandia usisahau ya topdresi. Wengi wanakimbilia DAP Machi alafu Mei wanajikuta hawana CAN na depo imejaa tena. Kama vocha inakuruhusu na pesa iko, chukua zote safari moja, CAN ikae kwa mbao ikingoja. Mahindi yakifika magoti palilia kwanza, magugu yasile ruzuku yako, alafu weka udongo ukiwa na unyevu, mbali kidogo na shina, ufunike na udongo. Risiti usitupe mpaka uvune.